Utambuzi wa Kukatika kwa Laini ya Juu

Utambuzi wa kukatika kwa laini ya juu ni utaratibu unaoifanya swichi ya mtandao izime poti za seva zake mara inapopoteza njia ya kufika kwenye swichi kuu. Seva hupata habari mapema na kuhamia njia nyingine.

Chanzo cha tatizo

Katika vituo vya data, seva nyingi hufungwa kadi mbili za mtandao, kila moja ikielekea swichi yake. Kadi moja hufanya kazi, ya pili husubiri. Mpango ni mzuri, lakini una pengo kubwa: seva huuona waya wake tu. Fiba ya kwenda swichi kuu ikikatika, taa ya poti ya seva huendelea kuwaka, na seva huendelea kumimina data kwenye swichi isiyo na pa kuipeleka. Kadi ya pili, yenye njia nzima, imekaa bure. Kwenye Linux, ukaguzi wa hali ya kiungo uitwao miimon, ambao aghalabu huwekwa kila milisekunde 100, hauoni kasoro yoyote kwa sababu waya wa karibu ni mzima.

Seva za bleidi huonyesha tatizo hili waziwazi. Swichi imo ndani ya kasha lile lile, hivyo kiungo kati yake na seva ni nadra mno kukatika, hata mambo ya nje yakiharibika vipi.

Usanidi

Msimamizi huunda kundi lenye laini za juu (za kwenda swichi kuu) za kuchungwa na laini za chini (za kwenda kwa seva) za kuzimwa. Juniper huziita link-to-monitor na link-to-disable. Cisco hutumia upstream na downstream. Kwa Huawei utaratibu unaitwa Monitor Link. Kwenye Juniper, laini zote za juu za kundi zikianguka, zote za chini huzimwa. Moja ya juu ikirudi, zote za chini hurudi. Swichi za Dell huruhusu pia kuzima idadi fulani ya poti kwa kila laini ya juu inayoanguka.

Tahadhari moja ni ya lazima. Swichi mbili za seva zikitegemea swichi kuu moja, swichi hiyo ikizimika makundi yote mawili hufunga poti, na seva hukosa hata kuwasiliana zenyewe kwa zenyewe.

Ufuatiliaji

Kwenye Juniper, amri ya show uplink-failure-detection huorodhesha makundi; nyota kando ya poti huonyesha kuwa iko hewani. Mstari wa Failure Action ukisomeka Inactive, hali ni shwari. Ukisomeka Active, poti za chini zimezimwa kwa makusudi. Fundi asiyeusoma mstari huo anaweza kubadilisha kebo isiyo na kasoro bila sababu.

Mipaka

Laini inayowaka bila kupitisha data huhitaji kinga nyingine, kama itifaki ya LACP, ambayo katika hali ya haraka hungoja sekunde 3 kabla ya kuitangaza imekufa. Na kwa seva yenye kadi moja tu, utaratibu huu hauna faida yoyote.