Kisanduku cha Rangi

Nilistaafu kabla ya wakati. Kiharusi kilinipata nikiwa na miaka 51, na mkono wa kulia uliokuwa umeandika ubaoni kwa miaka 27 ukashindwa kushika hata kijiko. Waliokuja kunijulia hali waliniambia, "Sasa pumzika, Mwalimu." Hawakujua kuwa kupumzika ndiko kulikonitesa.

Mjukuu wangu ndiye aliyeniletea rangi zake za maji za shuleni. Niliona haya: mtu mzima kuchezea rangi! Juma zima nilizitazama tu. Siku nilipouchora mwembe wa uani kwa mkono wa kushoto, ulifanana zaidi na mwavuli uliopinduliwa na upepo. Lakini jioni ile niligundua kuwa tangu adhuhuri nilikuwa sijaukumbuka ugonjwa wangu.

Ndipo nikaanza kusoma habari za walionitangulia katika njia hii. Aliyenigusa zaidi ni Mfaransa Henri Matisse, aliyezaliwa mwaka 1869. Ujanani alisomea sheria, akawa karani wa mwanasheria katika mji wa Saint-Quentin. Kisha akaugua kidole tumbo, akalala kitandani muda mrefu. Mama yake, ili kumpunguzia uchovu wa kulala, akamletea kisanduku cha rangi. Mwaka 1891 kijana aliiacha sheria akaenda Paris kujifunza uchoraji, ingawa baba yake hakupendezwa.

Uzeeni maradhi yalimrudia. Mwaka 1941 alipasuliwa mjini Lyon kwa sababu ya saratani ya tumbo. Alinusurika, lakini kusimama kwa muda mrefu akichora kukawa taabu. Basi akashika mkasi. Wasaidizi walipaka karatasi rangi. Yeye, kitandani au katika kiti cha magurudumu, akazikata maumbo ya majani na ya ndege. Nao wakayabandika ukutani kwa pini alipoelekeza. Kwa njia hiyo kilipatikana kitabu chake *Jazz* cha mwaka 1947, na michoro ya madirisha ya kanisa dogo la Vence, lililokamilika mwaka 1951. Hata habari ya kanisa hilo ilianzia kwa muuguzi, Monique Bourgeois, aliyemhudumia mwaka 1942, kisha akawa mtawa na kumshirikisha katika mipango ya ujenzi.

Wapo wasemao kuwa ugonjwa ndio uliomfanya Matisse msanii. Mimi siamini. Ugonjwa humpa mtu muda tu, tena muda asioutaka, na wengi wetu huumaliza kwa kuhesabu boriti za dari. Kilichomwokoa ni mtu kukisogelea kitanda chake akiwa na kitu mkononi.

Mkono mmoja haulei mwana. Siku hizi ninapochora, mjukuu hunishikia karatasi isiteleze, nami sioni haya tena. Nawe, ndugu msomaji, ukienda kumtazama mgonjwa, usimwachie neno la kupumzika peke yake. Mpelekee na kisanduku chake.