Kidinga pepo na kibahasha cha dukani

Ukiingia duka la dawa lolote kati ya Kipevu na Changamwe ukasema "viungo vinaniuma", huulizwi mengi. Unapewa kibahasha: vidonge viwili asubuhi, viwili jioni. Ukionekana una pesa kidogo, unaoneshwa pia ile chupa ya "virutubisho vya mifupa" iliyokaa rafu ya juu. Swali ambalo lingefaa kutangulia yote hayo ni moja tu: ulianza na homa? Na ni homa gani? Hapo ndipo pagumu, maana swali hilo limewachanganya hata madaktari kwa karibu miaka 200, na mchanganyiko wenyewe unaanzia huku kwetu pwani.

Mwaka wa 1870 Unguja ilipigwa na homa ya ghafla. Mtu alikuwa mzima, mara viungo vikakaza asiweze kusimama. James Christie, daktari Mskoti aliyekuwa akitibu watu pale kisiwani, aliuandika ugonjwa huo kwa jina alilolisikia kwa wenyeji: kidinga pepo. Alielezwa kwamba ni mkakamao wa ghafla unaoletwa na pepo. Wazee wakamwambia, huyu si mgeni, alishapita hapa mnamo 1823, na jina lake lilikuwa hilohilo.

Sasa tazama. Mnamo 1827 na 1828 homa inayofanana na hiyo ikavamia visiwa vya Karibiani. Waliozungumza Kiingereza wakaiita "dandy", wakiwacheka wagonjwa waliotembea wamekakamaa kama mabwana wanaojishaua. Waliozungumza Kihispania wakasema dengue, neno ambalo kwao lilikuwa na maana ya madaha. Christie aliamini kwamba hayo yote ni "dinga" yetu iliyobadilishwa nguo njiani, na bahari ilikuwa wazi kwa merikebu za biashara na za watumwa. Wanaisimu bado wanavutana. Mimi naegemea upande wa Christie, na sijifichi kwamba ni kwa sababu Mswahili akipata nafasi ya kudai kitu, anadai.

Kisogo cha hadithi kikageuka 1971. Mtafiti Donald Carey alirudi kwenye maandishi ya zamani akagundua kitu ambacho kilikuwa wazi muda wote: wagonjwa wale wa Unguja walipona homa, lakini viungo vikaendelea kuwauma kwa muda mrefu. Dengue haina tabia hiyo. Inavunjavunja mwili kweli, kisha inaondoka. Inayobaki kwenye vifundo vya mikono na miguu kwa wiki, miezi, wakati mwingine miaka, ni chikungunya. Kama Carey yuko sahihi, basi jina letu lilikwenda likapewa ugonjwa mwingine, na ule wenyewe ukabaki bila jina kwenye vitabu vya tiba.

Ulilipata kwa Wamakonde. Kati ya 1952 na 1953 homa ilienea kwenye uwanda wa juu wa Makonde, kusini mwa Tanganyika. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliandika habari zake mwaka wa 1955, na jina wakalichukua kwa wagonjwa: chikungunya, kile kinachopinda. (Wamakonde haohao wako Kwale hapo jirani tangu enzi za mashamba ya mkonge, na Kenya ikangoja hadi 2016 ndipo ikawatambua kuwa ni wananchi.) Uwanda ule hauna maji ya karibu. Watu waliyateka mbali wakayaweka ndani kwenye mitungi, na mbu aina ya Aedes aegypti hataki kitu kingine ila maji masafi yaliyotulia karibu na watu. Anauma mchana. Chandarua unachokilalia usiku hakimhusu.

Ndiyo maana Lamu ilianguka 2004, wakati wa ukame, mitungi na mapipa yakiwa yamejaa majumbani. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba watu 75 katika kila 100 walikuwa wameambukizwa. Mwaka huohuo homa ikafika Mombasa, 2005 ikawa Komoro, ikaendelea Réunion na India. Njia ni ileile ya majahazi, kasi tu ndiyo mpya.

Halafu ikarudi. Kuanzia katikati ya Desemba 2017 hadi tarehe 3 Februari 2018, Shirika la Afya Duniani lilihesabu wagonjwa 453 Mombasa, 32 kati yao wakiwa wamethibitishwa maabara. Hao ni waliofika hospitali. Huku Kipevu sikumbuki ploti iliyokuwa haina mtu anayeshuka ngazi kinyumenyume. Mfereji hapa hauaminiki, kwa hivyo kila mlango una madumu na pipa la buluu. Na wengi ni vibarua: hujaenda leo, hujalipwa leo. Mjomba wangu alikuwa akipakua mizigo wakati huo. Asubuhi ya tatu ya homa hakuweza kufunga kifungo cha shati, lakini alikuwa amevaa viatu tayari. Alinituma dukani: "Waambie ile kali." Nilikuwa nimeacha chuo, sina kazi, kutumwa ndiyo ilikuwa kazi yangu.

"Ile kali" ni diclofenac, au Brufen. Zote ni za ukoo wa kupunguza uvimbe, pamoja na aspirini iliyoanza kuuzwa na Bayer 1899. Brufen ilitoka kwenye kampuni ya Boots, Uingereza, ambako Stewart Adams na wenzake walitafuta kitu cha wagonjwa wa baridi yabisi kisichosumbua tumbo kama aspirini. Iliingia sokoni 1969. Kwa kiungo kilichovimba, zinafanya kazi, hilo halina ubishi. Shida ni kwamba siku za mwanzo chikungunya na dengue zinafanana, na Mombasa zote mbili zipo. Dengue hupunguza chembe za kugandisha damu, na dawa za ukoo huo nazo huzuia chembe hizo zisifanye kazi yake. Ukizikutanisha, mtu anaweza kuvuja damu ndani. Kwa hivyo ushauri ni paracetamol na maji mengi hadi dengue iondolewe kwenye hesabu, bila kupita vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku kwa mtu mzima. Baada ya hapo Brufen inaruhusiwa, kwa chakula, na si kwa mwenye vidonda vya tumbo au figo mbovu.

Ndugu yangu, dawa ya kuua kirusi chenyewe haipo hata leo. Chanjo ya kwanza ilipitishwa Marekani Novemba 2023. Katika pengo hilo ndimo biashara imejenga nyumba. Glukosamini ya rafu ya juu hutengenezwa sana kwa magamba ya kamba na kaa. Mwaka wa 2006 jaribio kubwa la Marekani lililohusisha watu 1,583 wenye magoti yaliyochakaa lilionesha kwamba, kwa jumla, haikuishinda tembe bandia. Na hayo ni magoti ya uzee, si ya chikungunya. Manjano na tangawizi kwenye maziwa, alivyokuwa akinipikia nyanya, zina ushahidi mdogo kwa magoti hayo hayo, lakini angalau bei yake ni ya sokoni. Mimi naogopa zaidi zile za "mitishamba" zinazomwinua mgonjwa siku moja. Mwaka wa 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipima moja inayoitwa Artri King ikakuta diclofenac na dexamethasone ndani, ambazo hazikuandikwa kwenye kopo. Dexamethasone ukiizoea kisha ukaiacha ghafla, mwili unaweza kuanguka.

Siku ile muuzaji alikuwa kijana wa rika langu. Aliniuliza mgonjwa ana siku ngapi, ufizi unatoka damu, tumbo linauma? Nikamjibu. Akaniuzia paracetamol peke yake. Mjomba alinitukana vizuri sana, akakaa nyumbani siku nne bila malipo. Vidole vyake vilikaa miezi saba kabla ya kufunga kifungo bila kusaidiwa.