Keekee Katika Damu

Namanyere tunauita malale, kama Waswahili wengine, na hakuna anayehitaji kuelezwa jina limetoka wapi. Waganga wa hospitali huandika kwa Kiingereza trypanosomiasis. Neno linatisha kwa urefu, lakini ukilivunja utakuta ndani yake vitu vya kawaida kabisa. Trypanon kwa Kigiriki ni keekee, chombo cha seremala cha kutobolea mbao. Soma ni mwili (wala hakuna udugu na kusoma kwetu). Kipande cha mwisho huonyesha maradhi tu.

Aliyeunganisha keekee na mwili ni David Gruby, mganga wa Paris, mwaka 1843. Alikuwa akitazama damu ya chura kwa darubini, akaona kidudu kinachojipindapinda kama keekee inayozungushwa. Hakuwaza usingizi, wala mbung'o, wala Afrika. Mwaka 1903 ndipo Aldo Castellani, akiwa Entebbe, alipotangaza kuwa ameona vidudu vya jamii hiyo katika maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa wa malale. Wakati huo maradhi yalikuwa yakifyeka watu kandokando ya Ziwa Viktoria.

Kilatini nacho kina sehemu yake. Aina inayopatikana kwetu Tanzania inaitwa rhodesiense, yaani ya Rhodesia. Stephens na Fantham wa Liverpool waliipa jina hilo mwaka 1910, kwa kuwa mgonjwa wao aliambukizwa katika bonde la Luangwa. Bonde hilo liko Zambia, kwa jirani zetu, na tangu uhuru wa mwaka 1964 jina la Rhodes limefutwa katika ramani yao. Katika damu za watu limebaki.

Kigiriki kinamtazama mdudu. Kiswahili kinamtazama mgonjwa. Nakipenda chetu zaidi, ila kinamtazama amekwisha chelewa. Usingizi ni wa mwisho. Kwanza huja homa, kichwa na maumivu ya viungo, na nani haiiti hiyo malaria? Tena aina hii yetu haingoji miaka. Huua katika miezi michache.

Mwaka 1987 mjomba wangu alirudi na homa kutoka kurina asali katika pori la bondeni. Alimeza dawa ya malaria mara mbili. Mzee mmoja jirani alipotaja malale, mke wa mjomba alimkatiza: "Malale gani, Baba, na huyu usiku kucha hapati usingizi?"

Tulimpeleka hospitali siku aliposinzia na tonge mkononi. Hakumaliza mwezi.