Nani alibeba trepie? Miaka mia ya kamera kwenye milima yetu



Kwa Lingala mabanga ni mawe, na siye watu wa kartie Mabanga tunayakalia kweli: mawe meusi chini ya nyumba za mbao, mawe kwenye ukuta wa kiwanja, mawe yanayokula viatu vya watoto. Tulipokuwa batoto, jipu zinazopanda Kibati na Rumangabo zilikuwa zinabeba bazungu watano ao sita, kila mmoja na kamera kifuani. Tulikuwa tunapiga kelele: «Muzungu, foto!» Mpaka leo sijui kama tulikuwa tunaomba kupigwa foto, ao tulikuwa tunaomba kamera.

Wengi wanafikiri zile safari za foto, kikundi kidogo na kiongozi wake, ni biashara ya enzi ya intaneti. Hapana. Kwetu ina miaka zaidi ya 100, na mwanzo wake ni wa ajabu kidogo.

Mwaka 1921 alifika Mmarekani Carl Akeley. Kazi yake ilikuwa kutengeneza ngozi za wanyama waliokufa ili wasimame kama wazima ndani ya jumba la makumbusho la New York. Alikuja kutafuta gorila. Alikuwa na rafiki yake Herbert Bradley, mke wa Bradley aliyeitwa Mary Hastings, mwandishi wa vitabu, na binti yao Alice wa miaka 6. Ukiacha wapagazi, kikundi kidogo kabisa. Kwenye mizigo kulikuwa kamera ya sinema aliyoibuni Akeley mwenyewe. Ilikuwa ya duara, na juu ya trepie yake, ile miguu mitatu ya kuisimamisha, iliweza kugeuka pande zote pole pole ikimfuata mnyama anayetembea. Kamera hiyo baadaye ilitumika sana Hollywood na kwenye sinema za habari.

Kwenye mteremko wa Mikeno Akeley aliwapiga sinema gorila wakiwa hai porini, moja ya filamu za kwanza kabisa za namna hiyo. Halafu aliwapiga risasi. Kwa lugha yetu ni kupiga tu, foto ao risasi, na yeye alifanya yote mawili kwa safari moja. Gorila waliouawa bado wako New York nyuma ya vioo, na ukutani kwao imechorwa milima yetu.

Lakini yule mtu alirudi kwao amebadilika. Alianza kumsihi Albert wa Kwanza, mfalme wa Wabelgiji, atenge milima hiyo, na tarehe 21 Aprili 1925 ikaanzishwa Parke Albert, parke ya taifa ya kwanza ya Afrika. Ndiyo hii tunayoiita Virunga tangu 1969. Akeley alirudi 1926, safari hii na mchoraji, na Novemba ya mwaka ule alikufa kwa ugonjwa. Alizikwa Kabara, pale pale Mikeno. (Parke ilikuja na mipaka, na kuna familia za Rutshuru na Masisi ambazo mpaka leo zinahesabu mashamba yaliyobaki upande wa pili. Hiyo ni hadithi nyingine, lakini musiisahau.)

Sasa swali langu. Nani alibeba ile kamera? Mlima una mianzi, matope, majani yanayowasha mpaka ndani ya nguo. Nani alijua gorila walilala wapi usiku uliopita? Gorila anajenga kitanda kipya cha majani kila jioni. Mtu anayejua kusoma kitanda, mavi na majani yaliyovunjika anaweza kukupeleka mpaka walipo. Asiyejua atazunguka wiki nzima. Kwa ukweli, kiongozi wa safari alikuwa yule mtu wa mlimani aliyetembea mbele. Kwenye maandishi ya zamani utamkuta mara nyingi kama «muongozaji» ao «wapagazi wetu», basi.

Nitapita haraka miaka ya katikati. Haroun Tazieff alifika Nyiragongo 1948 na kuijulisha dunia kuhusu lile ziwa la moto. Dian Fossey alianza kazi yake hapa Congo, Kabara, Januari 1967; machafuko ya Kivu yalimwondoa mwezi wa saba, akavuka kwenda Rwanda, na sifa zote zikavuka naye.

Utalii wa gorila wenyewe ulipangwa vizuri kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 upande wa Rwanda, na kwetu Jomba katika miaka ya 1980. Hapo njo kikundi kidogo kikawa sheria. Haikuwa kwa kumfurahisha mpiga foto. Gorila anashika mafua yetu, na mafua yanaweza kumuua. Kwa hiyo: watu wachache (Rwanda na Uganda ni wanane kwa familia moja ya gorila kwa siku), saa moja tu, umbali uliokuwa wa metre 7, bila flashi, na kwetu Virunga ulikuwa unavaa maski. Asubuhi mapema wafuatiliaji wanatangulia kwenye vitanda vya jana, wanafuata alama, halafu wanaita redio. Yule muzungu anayeitwa kiongozi wa foto anakuja na wateja nyuma yao.

Sisemi kwamba hana kazi. Saa moja ni fupi sana. Manyoya ya gorila ni meusi, na kamera ikiachwa yenyewe inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, na foto inatoka ya kijivu, lazima upunguze. Lazima kiongozi abadilishe watu nafasi ili wa nyuma naye apate, amtulize yule anayetaka kusogea, akumbuke betri na mvua. Ni ufundi. Lakini ni nusu ya ufundi, na hiyo nusu ndiyo yenye jina kwenye tangazo.

Julai 2007 ilitokea foto ambayo wote mumeiona. Bukima, gorila kadhaa wa familia ya Rugendo walikuwa wameuawa kwa risasi. Senkwekwe, yule dume mkubwa, amefungwa juu ya miti, na wanaume wengi wanambeba kupita kwenye majani. Aliyeipiga ni Brent Stirton wa Afrika Kusini, na ikapata tuzo ya World Press Photo. Niangalieni vizuri: gorila ana jina, mpiga foto ana jina. Wale waliobeba, jasho likiwatoka, ni watu wa vijiji na walinzi wa parke, na dunia haikuuliza wanaitwa nani. Mauaji yale yalihusishwa na biashara ya makala. Na makala, wandugu, tulipikia maharagwe Mabanga. Siwezi kusimama pembeni ya ile foto kama mtu asiyehusika.

Kuanzia 2010 watalii walianza kupanda Nyiragongo kwa wingi: metre 3.470, kulala kwenye vibanda vya ukingoni, kuangalia ziwa la moto usiku. Mimi nilipanda mara mbili, nikiwa mwanafunzi, si kama mtalii. Nilibeba begi la mteja na trepie yake. Usiku ule moshi ulijaa shimo lote, hakuna kitu kinaonekana ila wekundu. Kiongozi wa kikundi, mtu mzuri, aliwaambia wateja sita waingie kulala. Mzee mmoja wa Kibati, mpagazi kama mimi, akaniambia kwa sauti ya chini: «Waambie bangoje. Upepo utageuka kwa saa nane.» Nikamtafsiria kiongozi. Walingoja, wakitetemeka kwa baridi. Upepo uligeuka. Wote sita walipata foto ambazo naamini wamezitundika kwenye sebule zao. Asubuhi kiongozi alipewa pongezi, naye, nimsifu, alimuonyesha mzee kidole: «Ni yeye.» Wakampigia makofi. Hakuna aliyemuuliza jina, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Mwaka 2019 mambo yaligeuka kidogo. Mlinzi Mathieu Shamavu alijipiga foto na simu yake Rumangabo, nyuma yake Ndakasi na Ndeze wamesimama wima kama watu wanaongoja basi. Ikazunguka dunia yote. Mara moja, aliyeshika kamera alikuwa mtoto wa nyumbani, na jina lake likatembea na foto. Na Ndakasi alipokufa Septemba 2021, dunia ilimjua aliyemshika kifuani: André Bauma, mlezi wake.

Lakini safari zenyewe zilikuwa zinakufa. Mei 2018 mlinzi Rachel Masika Baraka aliuawa akiwalinda watalii, na parke ikafunga milango kwa watalii kwa miezi. Machi 2020 Korona. Aprili ile ile, walinzi 12 na raia waliuawa karibu na Rumangabo. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ikapasuka, moto ukafika Buhene, na lile ziwa likaondoka. Halafu vita, mpaka Januari 2025 vikaingia mjini kwetu. Hilo sina haja ya kuwaeleza. Wapiga foto wa nje walibadilisha tu upande wa mlima. Rwanda kibali ni dola 1.500 tangu 2017, kwetu kilikuwa 400. Mzee wa Kibati hana upande mwingine wa kwenda.

Goma sasa ina wapiga foto wake. Pamela Tulizo, mzaliwa wa hapa, alipata tuzo ya Dior ya vijana mwaka 2020, na kuna wengine ambao kazi zao zinatoka kwenye magazeti makubwa ya nje. Hao majina yao yameandikwa. Mimi nahangaika na wale wa nyuma yao.

Kwa hiyo naomba. Kwenye chama chetu kuna watoto na wajukuu wa watu wa Jomba, Bukima, Kibati, Rugari, Rumangabo. Kama baba ao babu alibeba mzigo, alifuatilia gorila, alikuwa gide ao mlinzi, andika hapa chini: jina lote, kijiji, kazi, na miaka unayokumbuka. Kama kuna foto ya zamani, ipige kwa simu, mbele na nyuma, juu ya wakati mwingine nyuma kuna maandishi. Mzee wa usiku ule, kama kuna anayemfahamu: alivaa koti la kijani la mvua, alikuwa amekosa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, na alipenda kuimba akishuka.