Visukuku vya kombe wa chemchemi baridi za baharini

Hawa ni kombe wa kale walioishi pale methani inapovuja kwenye sakafu ya bahari. Kwenye matamvua yao waliishi bakteria waliotengeneza chakula kwa nishati ya sulfidi ya hidrojeni. Mwamba wa chokaa ulioganda hapo una kaboni-13 kidogo mno, na kwa dalili hiyo chemchemi ya zamani hutambuliwa hata kama methani ilikwisha zamani.

Kuwaainisha ni kazi ngumu, kwa kuwa umbo la nje hudanganya. Caspiconcha wa kipindi cha Kretasia, aliyepatikana Greenland, ana gamba refu linalokumbusha familia ya Vesicomyidae, ilhali nasaba zao ni mbalimbali. Vinasaba navyo havipo tena. Kinachoaminika zaidi ni sehemu ya ndani: meno ya bawaba, makovu ya misuli na mstari wa joho. Mara nyingi bawaba imezibwa na chokaa ngumu, na mtaalamu huichokoa kwa sindano, punje baada ya punje, mpaka jino lionekane. Jenasi iliyotajwa bila bawaba kuonekana ni ya kushukiwa.

Ndani ya Vesicomyidae, Calyptogena, jina la jenasi lililotolewa na mtaalamu Dall mwaka 1891, lilirundikiwa spishi nyingi kupita kiasi. Baadhi zimehamishiwa jenasi za Archivesica, Pliocardia na Adulomya. Vesicomyidae wa kale wanajulikana tangu Eosini. Kabla ya hapo walikuwapo kombe wa familia nyingine: katika vilima vya Tepee Buttes, Colorado, vya Kretasia, kombe anayepatikana kwa wingi ni Nymphalucina occidentalis, wa familia ya Lucinidae.