Mizani ya Sauti

Mwaka 1928, Siti binti Saad na wenziwe wa taarabu walipovuka bahari kutoka Unguja kwenda Bombay kurekodi santuri za His Master's Voice, hapakuwa na njia ya kusahihisha kosa baada ya wimbo kwisha. Sindano ilichora sauti juu ya sahani nene ya nta, na sauti ikipazwa kupita kadiri, mchoro uliyumba hata ukavunja ukingo wa mtaro wa jirani. Ikififia mno, ilizama katika mkwaruzo wa santuri yenyewe. Baina ya madhara hayo mawili ndipo ilipokaa kazi ya fundi mitambo.

Kabla ya mwaka 1925 fundi huyo hakuwa na cha kupimia ila masikio yake na miguu ya waimbaji, kwani mwimbaji alisimama mbele ya pembe kubwa, akisogezwa karibu maneno yanapokuwa ya upole na kuvutwa nyuma anapofika pa kupaza. Mwaka huo kampuni kubwa za santuri zilianza kutumia maikrofoni na umeme, kwa njia iliyobuniwa na wahandisi wa Western Electric wa Marekani, na kiasi cha sauti kikawa kinaongozwa kwa kuzungusha kitasa.

Mwaka 1939 maabara ya Bell pamoja na mashirika ya utangazaji ya CBS na NBC yalikubaliana juu ya kipimo kimoja, saa yenye mshale uliofanywa mzito kwa makusudi, ili usirukeruke kwa kila pigo la ngoma bali ufuate ukubwa wa sauti kama sikio liusikiavyo. Mshale ukipita sifuri uliingia katika wekundu, na wekundu ule ulikuwa onyo, si hukumu, maana ukanda wa sumaku uliokuja kutumika baadaye ulikuwa na uvumilivu: sauti ikizidi kidogo, uliilainisha.

Uvumilivu huo uliondoka pamoja na ukanda. CD ilipoingia sokoni mwaka 1982, sauti ilikwisha kuwa hesabu, na hesabu ya biti 16 ina dari: 32,767, wala hapana namba juu yake. Wimbi likizidi hapo hukatwa kichwa, na mahali palipokuwa na mviringo pakabaki bapa linalokwaruza sikioni. Juu ya hayo, katika miaka ya 1990 watayarishaji waliingia katika mashindano ya kuzishinda nyimbo za wengine kwa kishindo, wakaikandamiza sauti kubwa ili ndogo ipandishwe; nami naona hiyo ilikuwa dhuluma kwa muziki, kwa kuwa wimbo usio na pa kushuka hauna pa kupanda. Insafu ilirudi polepole: mwaka 2006 Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lilitoa kanuni ya kupima sauti kwa wastani wa jinsi inavyosikika, na mwaka 2010 watangazaji wa Ulaya wakaweka kiwango chao kuwa 23 chini ya sifuri kwa LUFS, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti unaosikika.

Dari ile ingalipo, na leo humwathiri hata kijana mwenye kompyuta chumbani mwake. Ndani ya programu nyingi za muziki sauti huweza kupita mpaka bila kudhurika, kwa kuwa hesabu zake zimeachiwa wasaa. Lakini wimbo unapotolewa kuwa faili la biti 16 au 24, wasaa huo hukoma mlangoni. Nilipata kuketi Unguja kando ya fundi aliyekuwa akitoa wimbo wa taarabu, taa ya njia kuu, zinakokusanyika sauti zote, ikiwaka nyekundu kila mara ala ya kanuni na fidla zilipokutana. Tuliusikiliza: fidla zilipasuka kama karatasi. Hakusema neno, aliishusha njia kuu desibeli 4, akautoa upya, na safari hii, kabla ya ubeti wa pili, tulimsikia mwimbaji akivuta pumzi.