Historia ya Amri Tatu

Siku moja ya mwaka 1976, katika maabara ya Bell Labs huko Murray Hill, New Jersey, Steve Johnson aliingia ofisini kwa mwenzake Stuart Feldman akiwa amefura kwa hasira. Johnson alikuwa fundi aliyebobea. Yacc, chombo kilichosaidia watu wengi kutunga kompaila, ni kazi ya mikono yake. Hata hivyo asubuhi yote ilikuwa imempotea akisaka kosa ndani ya programu isiyokuwa na kosa. Alikwisha kulisahihisha kwenye msimbo, ila faili lile halikukompailiwa upya, na mashine ikaendelea kuendesha toleo la zamani. Feldman alimwelewa vizuri, maana jioni iliyotangulia yeye naye alikuwa ameteswa na jambo hilohilo.

Mwisho wa juma hilo Feldman aliandika make. Alianza na wazo kubwa la chombo cha kuchambua uhusiano wa mafaili yote, kisha akalipunguza hadi likabaki jambo dogo linalofanya kazi. Kwenye faili liitwalo Makefile unaandika kipi kinategemea kipi. Make inatazama saa ambayo kila faili lilibadilishwa mara ya mwisho, halafu inajenga tena kile tu kilichopitwa. Mwaka 2003 chama cha wanakompyuta cha ACM kilimpa Feldman tuzo kwa kazi hiyo, na kwa maoni yangu aliistahili kabisa.

Lakini ndani yake mlibaki mwiba. Kila mstari wa amri kwenye Makefile lazima uanze kwa tabo. Ukibonyeza nafasi nane badala yake, jicho halioni tofauti yoyote, ila make inagoma. Feldman alikuwa ndiyo kwanza anajifunza lex, chombo cha kuchambua maandishi kilichokuwa kipya wakati huo. Kilipomchanganya, akachukua njia rahisi ya kuitambua tabo mwanzoni mwa mstari. Wiki chache baadaye watumiaji walikuwa wamefika kama kumi na wawili, wengi wao marafiki zake, naye hakutaka kuwavurugia kazi. Kwa ajili ya watu hao kumi na wawili, mamilioni waliofuata wamechomwa na tabo hiyo.

Miaka ya themanini mfumo endeshi wa Unix ulipasuka vipande. Chuo Kikuu cha Berkeley walikuwa na Unix yao, AT&T wakawa na System V, na Sun, HP, IBM na DEC kila mmoja akauza ya kwake. Tofauti zilikuwa ndogo na za kuudhi. Kazi ya kutafuta herufi ndani ya neno, kwa mfano, Berkeley waliiita index na System V wakaiita strchr. Programu iliyojengeka vizuri hapa ilikwama kwa jirani. Na huo ndio wakati Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU, Septemba 1983, wa programu huria ambazo kila mtu anapewa msimbo chanzo wake. Kwa kuwa kila chuo kilikuwa na mashine yake, mpokeaji ndiye aliyetakiwa kujenga.

Kazi ya kuhakikisha zinajengeka kote iliwaangukia wachache. Juni 1991 David MacKenzie alikuwa akitunza programu nyingi za GNU, na mtu aliyetaka kuzijenga alilazimika kuchagua mwenyewe takribani mipangilio 20 ndani ya Makefile. Mzigo ulimlemea zaidi MacKenzie mwenyewe, kwani kila toleo jipya alilijaribu kwenye mifumo kadhaa tofauti. Akaandika skripti ndogo ya kubahatisha mipangilio hiyo, akaitoa pamoja na toleo la 2.0 la fileutils, mojawapo ya programu hizo. Ilifaa, na mwezi uliofuata akaibadilisha kwa mkono itumike kwenye programu nyingine. Kazi hiyo ya mkono ilipomchosha ndipo akatengeneza Autoconf, programu ya kutunga skripti za aina hiyo kwa kutumia lugha ya m4.

Skripti hiyo, configure, haiulizi mashine yako inaitwaje. Inaandika programu fupi ya C inayoita strchr, inajaribu kuikompaili, na ikifaulu inaandika kwamba strchr ipo. Kisha inaendelea na swali linalofuata, mamia kwa mamia. Naliona wazo hilo kuwa la kiungwana: jina la mashine linaweza kudanganya, kompaila haidanganyi. Gharama yake ni urefu. Kwa kuwa lazima iendeke hata kwenye shell za kale kabisa, configure ya programu ya kawaida hufika maelfu ya mistari, iliyotungwa na mashine, isiyosomwa na binadamu.

Hivyo ndivyo zilivyopatikana amri tatu ambazo kila aliyejenga programu huria anazijua kwa moyo: configure, make, make install. Anayezijua anajua pia zinavyokatisha tamaa. Configure inatiririsha maswali yake dakika nzima, halafu inasema maktaba ya zlib haipo. Unatazama, na zlib ipo. Kwenye Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, maktaba yenyewe imo kwenye kifurushi cha zlib1g, lakini faili la zlib.h ambalo kompaila inalihitaji limewekwa kando, kwenye zlib1g-dev. Ukiipata hiyo, inadaiwa nyingine, na hiyo nyingine nayo ina madai yake. Sababu ya kweli imeandikwa ndani ya config.log, pamoja na ile programu fupi iliyoshindikana, ila aliyeanza juzi nani amemwambia afungue hapo?

Watu walichoka, ikazuka mifumo ya kuwabebea kazi hiyo. Ian Murdock alitangaza Debian Agosti 1993, FreeBSD wakapata ports mwaka uliofuata, RPM ikaja 1995, na apt ikafunga muongo huo. Sasa wajenzi wachache walijenga kwa niaba ya wote. Skripti za configure zilibaki vilevile, ila macho yaliyozitazama yalipungua, na pengo hilo lilikuja kutumiwa.

Lasse Collin, wa Finland, kwa miaka mingi aliitunza karibu peke yake xz, programu ya kubana mafaili iliyomo kwenye takribani kila Linux. Mwaka 2022 alisema wazi kwamba afya yake ya akili ilimpunguzia nguvu. Watu walimsukuma atoe matoleo haraka zaidi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyejiita Jia Tan alikuwa amekwisha kuanza kuchangia, akaaminiwa, akapewa funguo.

Februari 2024 likatoka toleo la 5.6.0, kisha 5.6.1. Mlango wa nyuma ulifichwa ndani ya mafaili ya majaribio, na kilichoufungua kilikuwa mistari michache kwenye faili la build-to-host.m4. Mistari hiyo haikuwamo kwenye hazina ya Git. Ilikuwamo tu kwenye furushi la kupakua, lile lenye configure iliyokwisha kutungwa. Iliamka pale tu ilipoona inajengwa kifurushi cha Debian au cha RPM. Aliyefanya hivyo alijua kwamba hakuna asomaye m4.

Andres Freund, mmoja wa watengenezaji wa PostgreSQL, aliona kuingia kwenye mashine ya mbali kwa ssh, njia ambayo mlango huo uliilenga, kunachelewa kama nusu sekunde, akafuatilia hadi mzizini, na tarehe 29 Machi 2024 akatangaza alichokipata. Matoleo thabiti ya Debian na Red Hat yalikuwa hayajafikiwa. Tarehe 29 Mei Collin mwenyewe alitoa xz 5.6.2, akiwa ameung'oa mlango huo.